Roboti Zigeukazo: Elimu ya Bawaba Kutoka Bugene Hadi Mwezini

Mwavuli uliofungwa ni fimbo. Ukifunguliwa ni paa. Vipande ni vilevile, uzito ni uleule, hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa, ila kazi yake imegeuka kabisa. Wakazi wa Bugene, wilayani Karagwe, huutumia mtambo huu kila msimu wa mvua bila kuuita mtambo. Kiti cha kukunja na kisu cha mfukoni ni wa ukoo huohuo. Makala hii inamhusu ndugu mdogo wa ukoo huo, ambaye kwa udogo wake amewasumbua wahandisi kuliko wakubwa zake: roboti ya kuchezea ambayo, viungo vyake vikikunjwa na kuzungushwa, hugeuka kuwa gari, ndege au mnyama.

Kichezeo hiki kilizaliwa Japani pamoja na anime, yaani filamu za katuni za nchi hiyo. Kilichelewa kutufikia. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, na kwa hiyo watoto wa Karagwe wa miaka ya 1980 hawakuwa na habari ya roboti ambazo wenzao wa Tokyo walikuwa wakizililia madukani. Leo vijana huzitazama katuni hizo katika simu, na roboti zenyewe hufika zikiwa zimechanganyika na mitumba, au zikiwa mpya lakini za bei nafuu, zilizoigwa kutoka zile za asili. Hufika zikiwa zimelegea. Wanafunzi kadhaa wa sekondari katika eneo la Bugene waliniuliza swali ambalo sikulidharau: kwa nini roboti iliyo katika picha husimama imara, na ile iliyo mkononi huanguka kifudifudi? Na je, toleo lijalo litakuwa bora?

PICHA HUDANGANYA, BAWABA HAIDANGANYI

Mchoraji wa katuni ana uhuru ambao mhandisi hana. Mwaka 1974 Wajapani walionyeshwa katuni iitwayo Getter Robo, ambamo ndege tatu ziliungana zikawa roboti moja. Chuma kilivutika kama unga uliokandwa. Mikono ilichomoza mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya kuificha. Watoto walifurahi, lakini watengenezaji wa vichezeo hawakuweza kufuata. Plastiki haichomozi kutoka pasipo na kitu, na kipande chenye urefu wa sentimita 6 hakiingii katika tundu la sentimita 4.

Mwaka uliofuata, 1975, kampuni ya Popy ilitoa kichezeo cha katuni ya Raideen, roboti ambayo iligeuka kweli kuwa ndege mikononi mwa mtoto. Hapo utaratibu wa kazi ulianza kugeuka: badala ya kichezeo kuifuata picha, picha ikalazimika kukisikiliza kichezeo. Kwa maoni yangu, huo ndio mwaka ambao jambo hili liliacha kuwa la wachoraji peke yao na kuwa somo la jiometria.

Aliyelifikisha mbali ni Shoji Kawamori, mbunifu wa ndege iitwayo Valkyrie katika katuni ya Macross iliyoanza kuonyeshwa Oktoba 1982. Ndege hiyo, iliyofanana na ndege ya kivita ya Marekani F-14, iligeuka kuwa roboti kwa njia ambayo mwanafunzi yeyote aweza kuifuata kwa macho: injini mbili za nyuma huteremka zikawa miguu. Kawamori ana desturi ya kuunda vielelezo vyake kwa matofali ya kuchezea ya Lego ili kuhakikisha kwamba vipande vinapishana bila kugongana. Kampuni ya Takatoku ilitengeneza Valkyrie kwa uwiano wa 1 kwa 55. Ilifilisika mwaka 1984, na kalibu zake, yaani vile vyuma vya kumiminia plastiki, zikaangukia mikononi mwa Bandai. Kutoka katika kalibu hizohizo ilitoka roboti iliyouzwa Marekani mwaka 1985 na kampuni ya Hasbro kwa jina la Jetfire. Kampuni hiyo ilikuwa imeanza mwaka 1984 kuuza kwa jina la Transformers roboti zilizobuniwa na Takara ya Japani. Kampuni hufa, majina hubadilika, lakini kalibu njema hupata kazi.

Je, matoleo ya baadaye yalikuwa bora? Mengine yalikuwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Yamato ilitoa Valkyrie ndogo ya uwiano wa 1 kwa 60, ambayo ilidai mtu aing'oe miguu na kuipachika upya ili igeuke. Wakusanyaji walinung'unika, nao walikuwa na haki, kwa sababu kung'oa si kugeuza. Toleo lililofuata, la 1 kwa 48, liligeuka lote bila kuachia hata kipande kimoja. Roboti mashuhuri iliyo lori, ambayo Wajapani huiita Convoy na Wamarekani Optimus Prime, imetolewa upya na Takara na mrithi wake katika mfululizo uitwao Masterpiece: mwaka 2003, tena 2011, na tena 2019. Mtu mzima anayeweka akiba akingojea toleo la nne huonekana mjinga kwa jirani yake. Lakini akiulizwa anangojea nini, atataja kiungo fulani cha kiuno au pengo fulani begani, na kulitaja kwa usahihi ambao ningependa kuuona katika ripoti za maabara za wanafunzi wangu.

HESABU YA UHURU

Tuangalie sasa kiini cha jambo. Weka kipande cha ubao mezani. Kinaweza kusogea kushoto na kulia, mbele na nyuma, na kuzunguka mahali pake. Tuseme kina uhuru wa aina 3. Ukikishikiza na kingine kwa bawaba moja, bawaba hiyo inaondoa aina 2 za uhuru na kubakiza mzunguko tu. Katika karne ya 19 Pafnuty Chebyshev wa Urusi, na baadaye Martin Grübler wa Ujerumani, walionyesha kwamba uhuru wa mtambo mzima uliolala juu ya bapa waweza kuhesabiwa hivi:

U = 3(v − 1) − 2b

v ni idadi ya vipande, b ni idadi ya bawaba, na kipande kimoja huhesabiwa kuwa kimeshikiliwa.

Chukua mabua matatu ya matete na kuyaunga pembetatu kwa miiba mitatu. U = 3(2) − 6 = 0. Hakuna kinachosogea, na ndiyo maana fundi wa paa hutumia pembetatu. Chukua manne kwa miiba minne: U = 3(3) − 8 = 1. Ukisukuma bua moja, mengine yote hufuata kwa njia moja tu isiyobadilika. Mabua matano kwa miiba mitano hutoa U = 2, na hapo mtambo huanza kuyumba kama mlevi, kwa kuwa mkono wako mmoja hautoshi kuuamrisha.

Roboti ya kuchezea, kwa sehemu kubwa, ni mnyororo wazi: kiwiliwili, paja, muundi, unyayo. Kila bawaba iongezwayo katika mnyororo wa namna hiyo huongeza uhuru 1. Roboti yenye viungo 20 ina aina 20 za uhuru, nazo zote zinavutwa chini na uzito. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mtoto anapoigeuza, roboti yahitaji uhuru mwingi. Ikishakuwa lori, yahitaji uhuru sifuri, la sivyo lori litafunguka barabarani. Ikishakuwa mtu, yahitaji uhuru mkononi na shingoni, lakini si kiunoni. Mbunifu hulitatua jambo hili kwa vifungio: vijino vidogo vya plastiki viingiavyo katika vitundu na kuua uhuru usiotakiwa. Roboti nyingi za mitumba zimepoteza vijino hivyo. Anayeuliza kwa nini roboti yake haisimami aanze kwa kuvitafuta vitundu vitupu.

KWA NINI KUBWA HUANGUKA KULIKO NDOGO

Mahali pasipo na kijino, kiungo hushikiliwa na msuguano peke yake. Tuseme mkono wa roboti una gramu 15, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 3 kutoka begani. Ukinyooshwa, momenti yake ni kilo 0.015 × 9.8 × mita 0.03, yaani kama nyutoni-mita 0.0044. Bega la plastiki hulimudu hilo kwa urahisi.

Sasa tengeneza roboti ileile kwa vipimo maradufu. Mtu angedhani kwamba kila kitu kitakuwa maradufu, na hapo atakosea. Ujazo huongezeka mara 8, na uzito kadhalika. Umbali kutoka begani huongezeka mara 2. Kwa hiyo momenti huongezeka mara 16. Bega nalo limekuwa kubwa, lakini eneo lake la kusuguana limeongezeka mara 4 tu, na nusu kipenyo chake mara 2. Ikiwa plastiki ni ileile na imebanwa kwa mgandamizo uleule, uwezo wake wa kushikilia umeongezeka mara 8. Mara 8 dhidi ya mara 16: kiungo kimekuwa dhaifu nusu kwa nusu kulingana na mzigo wake. Galileo alilieleza jambo la jamii hii katika kitabu chake cha mwaka 1638, akitumia mifupa ya wanyama. Angekuwa na roboti ya kuchezea asingeiacha.

Kwa sababu hiyo roboti kubwa za bei ghali haziutegemei msuguano mtupu. Ndani ya paja na bega huwekwa gurudumu la meno linalobanwa na springi, na ukilikunja husikia mlio: ka, ka, ka. Kila mlio ni jino moja limevukwa. Mwaka 2021 kampuni ya Robosen kwa ushirikiano na Hasbro ilikwenda mbali zaidi, ikatoa Optimus Prime ijigeuzayo yenyewe kwa mota 27. Bei yake ilikuwa dola 700 kasoro senti, fedha ambayo sitaitafsiri kwa shilingi nisije nikawaudhi wazazi.

MARADHI YA PLASTIKI NA YA ZINKI

Plastiki ni dutu yenye uvivu. Ukiibana kwa muda mrefu huuzoea mbano, na kiungo kilichokuwa kigumu mwezi wa kwanza hulegea mwezi wa kumi hata kama hakuna aliyekichezea. Jua nalo lina kazi yake. Miale iliyozidi urujuani huvunja minyororo ya molekuli. Plastiki nyeupe hugeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku, kisha hupasuka. Katika nyanda za juu kama za Karagwe miale hiyo ni mikali kuliko pwani, japokuwa hewa ni ya baridi, na sanduku lenye kifuniko ni dawa bora kuliko rafu ya dirishani.

Maradhi ya pili ni ya metali. Roboti za kwanza za fahari, zilizotolewa na Popy mwaka 1974 kwa jina la Chogokin, zilikuwa za aloi ya zinki iliyomiminwa katika kalibu. Zinki hiyo ina adui: ikichanganyika na risasi au bati hata kwa kiasi cha sehemu chache za elfu za asilimia moja, kutu huingia kati ya chembe za metali, na baada ya miaka kichezeo huvimba, hupasuka na kumomonyoka kama biskuti. Jambo hili lina ladha yake kwa msomaji wa huku. Kyerwa, wilaya iliyogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, inajulikana kwa madini ya bati. Bati hilo ambalo ni sumu kwa mwili wa roboti ya zinki ndilo lililomo katika risimu inayounganisha nyaya za ubongo wa roboti ya umeme. Metali haina wema wala ubaya mpaka ijulikane imewekwa wapi.

KICHEZEO KILICHOTUA MWEZINI

Ijumaa tarehe 19 Januari 2024, saa 12 na dakika 20 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, chombo cha Japani kiitwacho SLIM kilitua Mwezini. Kabla ya kugusa ardhi, kikiwa karibu sana na udongo, kiliangusha tufe dogo lenye kipenyo cha sentimita 8 na uzito usiofikia robo kilo. Tufe hilo, liitwalo SORA-Q, lilibuniwa na shirika la anga la Japani, JAXA, likishirikiana na kampuni ya Sony, Chuo Kikuu cha Doshisha na kampuni ya vichezeo ya Tomy, yaani warithi walewale wa Takara.

Kwa nini shirika la anga limwendee mtengeneza vichezeo? Nafasi ndani ya chombo ni haba na kila gramu ina gharama. Tufe huchukua nafasi ndogo na huvumilia kuangushwa, lakini tufe haliwezi kuamua liende wapi. Lilihitajika kuwa tufe safarini na gari likifika. Wahandisi wa vichezeo walikuwa wamelitazama tatizo hilohilo kwa miaka zaidi ya 30. SORA-Q ikatua, ikapasuka nusu kwa nusu, kila nusu ikawa gurudumu, na katikati pakachomoza kamera na mkia wa kuizuia isipinduke. Mhimili wa magurudumu haukupitishwa katikati bali kando. Katika udongo laini wa Mwezi gurudumu lililo sawasawa huteleza na kujizika. Lile la mhimili wa kando huinuka na kuanguka, likatambaa kama kasa apandaye ufukoni.

Picha iliyorudishwa ilitangazwa tarehe 25 Januari. SLIM ilionekana imesimama kwa pua, chini juu, kwa kuwa mdomo wa injini yake mojawapo ulikatika ilipokuwa imesaliwa na mita 50 hivi. Chombo kikubwa hakikuweza kujitazama. Aliyekipiga picha na kueleza yaliyokisibu ni yule mdogo mwenye ukoo wa dukani.

MATOLEO YA BUGENE

Turudi sasa kwenye swali la wanafunzi. Mmoja wao, wa Kidato cha Tatu, huweka katika katoni ya sabuni roboti 11, nyingi zikiwa vilema. Kukusanya vitu vya namna hiyo si ugeni katika Karagwe. Mwaka 1876 Henry Stanley alipokuwa mgeni wa Omukama Rumanyika alionyeshwa nyumba ya hazina yenye bata wa shaba ya manjano waliotiwa mabawa ya shaba nyekundu, pamoja na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Hawakuwa vichezeo, walikuwa vyombo vya heshima ya ufalme. Lakini fundi aliyeunganisha bawa la metali moja na kiwiliwili cha nyingine alikuwa amelifikiria suala la kiungo.

Kijana huyo ana kazi nyingine, ambayo mwanzoni hakutaka kuionyesha kwa kudhani ni ya kitoto. Tangu akiwa shule ya msingi huunda malori ya waya, yenye matairi ya kandambili kuukuu na usukani wa fimbo ndefu, kama wafanyavyo watoto wengi Afrika Mashariki. Malori huyanakili kutoka barabara ya lami ya Kyaka hadi Bugene, yenye kilomita 59. Sasa ameanza kuunda lori la waya ligeukalo kuwa mtu, na kazi zake anazihesabu kwa matoleo kama wafanyavyo Wajapani. Toleo la kwanza lilikuwa na viungo vya waya uliopindwa, likaanguka. Toleo la pili lilikuwa na magoti ya vipande vya mnyororo wa pikipiki, ambayo yalikunjika vizuri mno: mnyororo umeundwa kwa makusudi ya kutoleta msuguano, nalo goti lahitaji kinyume chake. Alipolieleza kosa hilo mwenyewe, kabla sijafungua kinywa, mwalimu wake wa fizikia alinitazama kwa tabasamu.

Toleo la tatu lina magoti ya vizibo vya soda. Kizibo kimoja cha chuma kina meno 21. Vizibo viwili vikielekezana meno kwa meno, vikapitishwa msumari mwembamba katikati na kubanwa kwa springi ya kalamu, hutoa kiungo kinachosimama kila baada ya digrii 17 na kidogo. Ni gurudumu la meno lilelile la roboti ya bei ghali, kwa gharama ya soda mbili. Magoti sasa yanashikilia. Kiuno bado, kwa sababu zile za mara 8 na mara 16: kiuno hubeba kiwiliwili chote, naye ametumia vizibo vya ukubwa uleule. Shauri langu lilikuwa vizibo viwili kila upande na springi mbili. Yeye alipendelea kupunguza waya wa kifua, na sina hakika kwamba shauri langu lilikuwa bora kuliko lake.

Mwalimu atakaye kulifanya hili kuwa jaribio la darasa anahitaji vizibo vinne visivyopindwa, msumari, springi za kalamu zenye ugumu tofauti, rula, uzi na mfuko mdogo wa plastiki. Kizibo kimoja kifungwe imara ubaoni; cha pili kigandishwe mwisho wa rula iliyolala mlalo, ili rula iwe ndiyo mkono wa roboti. Momenti ya rula yenyewe ihesabiwe kwanza, uzito wake ukichukuliwa kuwa katikati. Mfuko uning'inizwe sentimita 10 kutoka katika msumari na kujazwa maji kijiko kwa kijiko hadi jino livukwe. Maji yapimwe na momenti ihesabiwe. Kisha mkono uzungushwe mara 50, upimwe tena. Mara 100, upimwe tena. Hadi mara 300. Idadi ya mizunguko ichorwe kwenye mhimili wa mlalo na momenti kwenye ule wa wima, springi kila moja kwa mstari wake. Vizibo vyenye kutu hutoa matokeo ya namna nyingine, na visichanganywe na vile safi katika jedwali moja.